Ukitaka kuandaa mchezo wa kusaka hazina mtaani kwenu, soma hapa kwanza

Nimeshaandaa huu mchezo mara tatu na watu wananiuliza sana naanzia wapi, basi leo naandika yote kwa pamoja. Kwa wasioujua, timu inapewa kidokezo, kinawapeleka sehemu fulani, pale wanapata jibu linalofungua kidokezo kingine, hivyo hivyo mpaka wafike kwenye hazina. Wa kwetu vidokezo vyote vinatoka kwenye historia ya mtaa wenyewe, nani alijenga nini, barabara ilikuwa inaitwaje, kisima kilikuwa wapi.

Mara ya kwanza niliuliza maswali kama shule ilifunguliwa mwaka gani, daraja lilijengwa lini. Vijana wakakaa kivulini na simu zao, dakika ishirini wamemaliza na daraja lenyewe hawajaliona. Iliniuma kwa kweli. Tangu siku hiyo kidokezo chochote ambacho mtu anaweza kukijibu akiwa kitandani nakifuta. Jibu liwe kwenye kitu chenyewe: idadi ya ngazi, herufi iliyong'oka kwenye maandishi, mlango wa zamani uliozibwa na matofali ya rangi tofauti.

Ninachokipenda kuliko vyote kilikuwa cha jiwe la msingi ambalo mvua imelifuta maandishi. Kidokezo kilisema "niwekee karatasi nikwambie nimezaliwa lini", na ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi nyeupe na penseli tu. Binti mmoja wa kama miaka kumi akabandika karatasi kwenye jiwe, akalaza penseli ubavu, akawa anasugua taratibu, ikatokea 9, alafu 3, akapiga kelele, na watu wazima wanaopita hapo kila siku wakaja kuangalia kana kwamba jiwe limewekwa jana. Ila hiyo fanya kwenye jiwe gumu tu, likiwa linamomonyoka au ni kaburi usiguse kabisa.

Sasa hizo habari unazipata wapi? Kwa wazee. Lakini usiende na daftari ukamwambia mzee naomba historia ya mtaa, atakujibu maneno mawili basi. Tembea naye. Mkifika sehemu muulize hapa palikuwa na nini, utaona anasimama, ananyoosha mkono, mambo yanaanza kutoka yenyewe na hutapata nafasi hata ya kuandika. Na wazee wawili watatofautiana, mmoja atasema soko lilihamishwa kabla ya mafuriko mwingine baada, usimchague unayempenda wewe, tafuta ramani ya zamani au tarehe iliyochongwa kwenye jengo. Isipopatikana kiache nje, kidokezo kinatakiwa kiwe na jibu moja tu, hiyo hadithi wakaisimulie wote wawili mwishoni.

Mara ya pili kibao nilichokitegemea kilipakwa rangi siku moja kabla, timu nne zikakwama hapo hapo. Siku hizi nazunguka njia nzima asubuhi ile ile, na kila timu ina bahasha ya akiba iliyofungwa. Timu zianzie vituo tofauti, la sivyo wote watamfuata aliye mbele. Na changanya umri, mtoto ana macho, mzee anakumbuka.

Ruhusa ya mwenye eneo ni lazima, na usifukie kitu, maana ukishasema hazina watu watachimba hata bustani ya mtu. Hata wenzetu wa geocaching, ule mchezo wa kutafuta vitu kwa GPS ulioanza Mei 2000 kule Oregon, Marekani, ndoo yao ya kwanza ilifukiwa nusu, lakini baadaye wakaweka sheria ya kutochimba kwenye eneo la mtu bila ruhusa yake.

Hazina yenyewe isiwe pesa, pesa inaleta ugomvi. Mwaka 1854 kule Dartmoor, nyika moja ya Uingereza, mwongoza wageni James Perrott aliweka chupa mahali panaitwa Cranmere Pool ili anayefika aache kadi yake ya jina, na mimi nikaona hiyo inatutosha. Kwenye boksi letu kuna nakala za picha za zamani na daftari, kila timu inaandika jambo moja la mtaa ambalo halikuwemo kwenye mchezo. Hilo daftari ndo limenipa karibu nusu ya vidokezo vya mwaka huu. Kuna mtu aliandika mstari mmoja tu, kwamba penye ukuta wa shule bibi yake alikuwa anapanga foleni ya maji saa kumi alfajiri. Tukaenda, tukafyeka majani chini ya ukuta, na kipande cha bomba bado kimechomoza pale, kimeliwa na kutu, koki yake haijatoka.