Nimefuta programu zote, mbona bado anajua nilipo?

*Mhariri, mume wangu hunipigia na kunitajia mahali nilipo kabla sijamwambia. Nimefuta kila programu nisiyoijua, hali ni ileile. Simu alininunulia yeye. Je, ameniwekea programu ya kijasusi?*

Huenda hakuweka chochote. Kinachotutia shaka ni hilo la mwisho ulilotaja: aliyenunua simu mara nyingi ndiye aliyefungua akaunti ya Google, na mwenye nywila ya akaunti hahitaji ujasusi. Anafungua huduma ya Google ya kutafuta simu iliyopotea, na yako inatokea kwenye ramani. Kufuta programu hakugusi hilo.

Kabla hujabonyeza lolote, pima usalama wako, dada. Ukimfungia njia, huenda akajua papo hapo. Kama unahofia kipigo, tafuta msaada kwanza kwa simu ya mtu mwingine. Ushahidi nao upige picha kwa simu nyingine, kwani picha ya skrini inaweza kupanda yenyewe kwenye hifadhi ya akaunti ileile anayoifungua.

Ukiwa tayari, anza na Google Maps: gusa picha ya wasifu, ingia sehemu ya kushiriki mahali, ukute jina la nani limo, usimamishe. Kisha fungua mipangilio ya akaunti, upande wa usalama, utazame orodha ya vifaa vilivyoingia. Usivyovijua viondoe. Kabla ya kubadilisha nywila, kagua namba ya simu na barua pepe za kurejesha akaunti. Wengi hukwama hapa: asubuhi wanabadilisha nywila, jioni mwenzao amekwisha kuibadilisha tena, maana msimbo unatumwa kwenye namba yake. Rekebisha hizo, ndipo ubadilishe nywila, ndipo uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Kama akaunti ni ya kwake kabisa, usihangaike nayo. Fungua yako mpya na yake uitoe kwenye simu.

Kwa iPhone, angalia programu ya Find My, ya Apple ya kutafutia vifaa na watu, na kikundi cha familia. Kuanzia iOS 16, mipangilio ya faragha ina Safety Check, inayokata ushirikishaji wote kwa mkupuo.

Programu ya kijasusi yenyewe kwa kawaida huhitaji mtu aishike simu yako dakika kadhaa. Kwenye Android huweza kuficha ikoni yake, ila nyayo hubaki: Play Protect, kinga ya Google inayokagua programu hatari, imezimwa, au kuna programu ngeni iliyopewa ruhusa ya ufikivu (inayoiwezesha kusoma yaliyo kwenye skrini) au ya usimamizi wa kifaa. Dawa ni kuirudisha simu katika hali ya kiwandani bila kurejesha programu za zamani, kubadilisha PIN na kufuta alama za vidole zisizo zako. Pekua pia mkoba na gari. Vifaa vidogo vya Bluetooth vya kutafutia funguo hutumika vibaya. Tangu Mei 2024, Android 6.0 na kuendelea na iPhone zenye iOS 17.5 zinaweza kukuonya kifaa cha aina hiyo kikikufuata.

*Nikizima GPS, kampuni ya simu haijui nilipo?*

Inajua. GPS hupokea tu. Setilaiti hazina habari nawe. Kampuni hukuona kupitia mnara unaokuhudumia, ambao simu lazima iwasiliane nao ili upigiwe. Hali ya ndegeni hukata mawasiliano hayo, lakini GPS inaweza kuendelea kufanya kazi, na programu ikatunza njia uliyopita na kuituma baadaye. VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine, hubadilisha tu anwani ya IP (namba ya kifaa mtandaoni) inayoonekana na tovuti; haizimi GPS wala mnara.

*Mwanangu ana miaka 15. Nimwekee kifuatiliaji bila kumwambia?*

Mwambie, mzazi mwenzetu. Zana kama Family Link, programu ya Google ya wazazi kusimamia simu ya mtoto, hazijifichi kwake, nasi tunaona ni sawa. Zinazojificha huzipeleka safari na jumbe zake kwenye seva za watu usiowajua. Halafu kijana akigundua, ataiacha simu kwa rafiki: wewe unaona nukta imetulia, mwenyewe yuko kwingine. Kwa safari moja moja, mahali mubashara pa WhatsApp panatosha: dakika 15, saa 1 au saa 8, na yeye ndiye anayewasha. Mkubaliane ni safari zipi, na muda ukiisha usimdai aongeze bila sababu. Ridhaa aliyoitoa jana haifungi kesho.

*Kuna programu inayoonyesha mtu alipo kwa kuingiza namba yake tu?*

Kwa mtu wa kawaida, hapana. Nyingi huonyesha nchi iliyosajili namba, kisha zinakudai malipo au ruhusa ya kusoma majina uliyoyahifadhi. Anayefuatiliwa hapo ni wewe.