Barua kwa Mwanangu: Sikukuu ya Kwanza Jikoni Kwako

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimevaa miwani. Umenieleza kwamba mwaka huu hamtaweza kuja Unguja, kwamba Idi mtaila hapo hapo Dodoma, na kwamba wakwe zako wanateremka kutoka Kondoa pamoja na mawifi na watoto, jumla watu kumi na wawili, katika nyumba yenye jiko la gesi la mafiga mawili. Umeuliza upike nini, na uwape zawadi gani zitakazopendeza bila kuumaliza mshahara wako. Kisha mwishoni kabisa, kama mtu anayeogopa kuuliza, umeandika: “Mama, wewe mwenyewe ulikuwa ukifurahi sikukuu, au ulikuwa ukichoka tu?”

Nitaanza na hilo la mwisho, kwa sababu mengine yote yanalitegemea. Miaka mingi nilikuwa nikichoka tu. Hukuliona kwa kuwa mlikuwa wadogo, na ninyi sikukuu yenu ilikuwa nguo mpya asubuhi na viwanja vya Mnazi Mmoja jioni. Kuna mwaka mmoja, wewe hujaanza hata chuo, shangazi yangu alikuja kutoka Wete kula Idi kwetu. Alisafiri usiku kwa boti na uzee wake ule. Nami kwa kutaka aone kwamba mtoto wa kaka yake anaijua kazi, nilipika pilau, nikapika biriani, wali wa nazi, kuku wa kupaka, samaki wa kukaanga, mkate wa kumimina na vitafunio ambavyo sasa sivikumbuki hesabu yake. Alikuja mara tatu kwenye mlango wa jiko, na mara zote tatu nikamwambia, “Kaa, shangazi, nakuja.” Alipokuwa akiaga, mikono yangu ikiwa bado ina masala, alinishika bega akasema, “Chakula nimekiona, mwanangu, ila wewe sikukuona.” Alifariki kabla ya Idi Kubwa ya mwaka ule.

Tangu hapo nina sharti moja, nalo ni kwamba adhuhuri ya sikukuu inikute nimeoga, nimevaa, na nimekaa na wageni. Chakula chochote kisichoweza kupikwa chini ya sharti hilo hakiingii jikoni mwangu siku hiyo, hata kiwe kitamu namna gani.

Kwa hiyo usipike biriani. Najua umelitaja, na najua mumeo analipenda, lakini biriani ni sufuria mbili zinazotaka kuangaliwa kwa pamoja: masala yake mbali, wali wake mbali, vitunguu vya kukaanga pembeni, zafarani imerowekwa, na kila mgeni akichelewa lazima uchanganye na kupakua upya. Wewe una mafiga mawili. Pilau ni sufuria moja, na ikishaiva inaweza kukungoja. Isitoshe, hao wageni wako pilau wanaijua vizuri sana, maana hakuna harusi wala sikukuu Tanzania hii inayopita bila ya pilau. Watakuwa wanailinganisha na ya kwao, kwa hiyo ifanye iwe moja, na iwe nzuri.

Kwa watu kumi na wawili chukua mchele kilo 2, nyama ya ng'ombe yenye mifupa kilo 2, vitunguu maji vinane vya wastani, na viazi kwa kadiri utakavyopenda. Nyama ichemshe mapema kwa chumvi, tangawizi, thomu na pilipili manga mpaka ilainike, na supu yake usimwage hata tone, kwa kuwa hiyo ndiyo maji ya wali wako. Mchele uoshe, uuroweke nusu saa, uuchuje.

Sasa njoo kwenye vitunguu, ambapo wasichana wengi wa siku hizi wanaharakisha. Rangi ya pilau haitoki kwenye masala, inatoka kwenye vitunguu. Vikate vyembamba na vilingane, maana kipande kinene kitakuwa bado kibichi wakati chembamba kimeshaungua. Vitie kwenye mafuta yaliyopata moto na ukae navyo. Vitaanza kwa kutoa maji na kulia sana sufuriani, kisha sauti itapungua, kisha kingo zitageuka rangi kama majani ya chai. Kuanzia hapo hesabu ni ya dakika chache, kwa hiyo simu iweke mbali. Vikishakuwa vyekundu kama gome la mdalasini, kabla havijawa vyeusi, tia tangawizi na thomu iliyotwangwa, halafu uzile, yaani hiyo bizari ya pilau, pamoja na mdalasini, iliki, karafuu chache na pilipili manga. Karafuu nimesema chache. Sisi tunatoka kwenye visiwa vya karafuu na bado tunazihesabu, maana zikizidi pilau inanuka kama dawa ya jino.

Hapo tia nyama na viazi ulivyokwisha kuvikaanga kidogo, geuza, kisha mimina supu. Kama mchele ni wa Mbeya, ambao huko bara mnaupata kwa urahisi, kikombe kimoja cha mchele kinataka supu karibu vikombe viwili, na kama ni basmati iliyorowekwa, kimoja na nusu kinatosha. Onja supu kabla ya kutia mchele, na iwe imekolea chumvi kidogo kuliko unavyoitaka, kwa sababu mchele utainywa. Maji yakikauka juu ndipo inapokuja shida yako ya gesi, kwa kuwa sisi tunapalia makaa juu ya mfuniko na wewe makaa huna. Chukua chuma chako cha chapati, kiweke juu ya figa, sufuria ikae juu yake, moto uupunguze mpaka mwisho. Funika sufuria kwa kitambaa safi kilichokunjwa chini ya mfuniko ili mvuke usitoke, na ncha zake uzifunge juu ya mfuniko zisiguse moto. Iache nusu saa. Chuma kile kinausambaza moto na pilau haishiki chini.

Pembeni yake weka kachumbari, ambayo vitunguu vyake uvifikiche kwa chumvi na kuvisuuza kwanza ili visiwe vikali, pamoja na ndizi mbivu na achari ya embe nitakayokuletea. Asubuhi, kabla wageni hawajafika, tambi za sukari zenye iliki na zabibu kavu zitakutosheni wewe na mumeo. Sambusa zikunje siku tatu kabla, uzigandishe, siku yenyewe ni kukaanga tu.

Jambo moja linalowavuruga wapishi wa Idi ya mfunguo mosi ni kwamba siku yake hamuijui mpaka usiku. Ukifika mwezi 29 Ramadhani, nyama iwe imeshanunuliwa na kukatwa, masala yamesagwa, nguo zimepigwa pasi. Lakini usiroweke wala usikaange kitu mpaka Mufti atangaze, kwa sababu mwezi usipoandama mtafunga thelathini na chakula chako kitalala. Na katika shughuli zote hizo msisahau zaka ya fitri, pishi moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumbani, ambayo ni kama kilo mbili na nusu. Itolewe kabla ya sala, si baada ya kuosha vyombo. Ukimaliza kupika, fungua madirisha, kisha fukiza udi nyumba nzima, wageni wasipokewe na harufu ya vitunguu.

Nije kwenye zawadi. Umeniandikia kwamba unataka vitu “vya kisasa, vyenye mtindo.” Sikatai. Ila mtindo wa mtu uko mwilini mwake, hauko dukani. Kabla ya kununua kumbuka mara ya mwisho ulipomwona alivaa nini, na kitu gani alikivaa mara mbili.

Mimi hili nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa pili wa ndoa nilikwenda Mchangani kumtafutia mkwe wangu, bibi yako mzaa baba, doti ya kanga ya sikukuu. Nikaona moja ya zambarau na nyeupe, mji wake una maua makubwa, pindo lake limetulia, nikaipenda pale pale. Muuzaji akaikunja, nikalipa, nikaondoka. Siku ya Idi bibi yako aliikunjua mbele ya wageni, na wifi yangu, ambaye hajawahi kunyamaza pasipo sababu, akasoma jina lake kwa sauti: “Kelele za mlango hazinikoseshi usingizi.” Nawe wajua kwamba bibi yako alikuwa na desturi ya kutugongea mlango kila alfajiri. Sebule yote ilinyamaza. Yeye aliikunja taratibu, akanitazama, akasema kwamba kesho atautia mlango wake mafuta ili usipige kelele tena. Kisha akacheka mpaka machozi, na kanga ile akaivaa hadi ikachujuka. Lakini si kila mkwe ana moyo ule, kwa hiyo soma jina kabla hujatazama rangi.

Mama mkwe wako, kwa nilivyomwona siku ya harusi, anapenda rangi zilizopoa na hapendi kung'aa. Nimemchagulia doti ya rangi ya damu ya mzee na nyeusi, iliyoandikwa “Nani kama mama,” maneno ambayo hayana mlango wa nyuma. Kanga huja imeungana vipande viwili, kila kimoja karibu mita moja na nusu kwa urefu, na wengi huitoa zawadi hivyo hivyo ilivyotoka dukani. Mimi nimeikata na kuipinda kabisa, kwa sababu mama yule macho yake ya sindano yamepungua na hatapenda kumwomba mtu. Ifukize udi usiku wa kuamkia Idi, uitandaze juu ya tenga na chetezo kiwe chini, halafu uikunje ikiwa na joto lake. Hiyo karatasi ya kung'aa ya kufungia zawadi uliyoitaja haina kazi hapo.

Baba mkwe wako ni kofia, na iwe ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, nyeupe juu ya nyeupe, ambayo kila kitobo chake kimezungushiwa uzi kwa sindano. Kofia moja ya namna hiyo mshonaji huikalia kwa wiki nyingi, pengine miezi, kwa hiyo usishangae bei yake na usijaribu kumpunja. Tatizo lake ni kipimo, maana kofia ikibana kichwa inaishia kabatini. Mwambie mumeo achukue kofia ya zamani ya baba yake, apitishe uzi ndani yake ukingoni, aukate panapokutana, anitumie urefu wake kwa sentimita. Afanye hivyo wiki hii.

Wifi yako mdogo anafanya kazi mjini na kanga havai nje, basi usimlazimishe. Makubadhi ya ngozi yenye nakshi yatakwenda na kila gauni lake, mradi ujue namba ya mguu. Watoto wanataka mkono wa Idi, noti mpya, na wote wapewe sawa mbele ya wenzao. Mumeo utamnunulia mwenyewe, mimi siingii.

Yupo na yule jirani yako wa mlango wa pili, yule mama Mkristo aliyekaa nawe hospitali ulipougua. Kwake nimekutafutia kawa la Pemba, la ukili uliotiwa rangi nyekundu na kijani. Jaza sahani pilau, weka na kipande cha halua, funika kwa kawa hilo, upeleke wewe mwenyewe, usimtume mtoto. Sahani atakurudishia siku yoyote. Kawa mwambie ni lake.

Vitu hivi vyote atakuja navyo kaka yako. Atavuka na boti ya asubuhi hadi Dar es Salaam na kupanda treni ya mwendokasi siku hiyo hiyo, kwa hiyo mpokee stesheni jioni. Achari nimeifunga mifuko mitatu lakini simwamini, mwambie asiilaze. Siku ya sikukuu nitakupigia simu baada ya adhuhuri. Nikisikia mwiko unagonga sufuria nitakata.

Wasalimie wote waliomo nyumbani.

Ni mimi,
Mama yako