Slaidi zimefika shuleni, sauti imebaki nyumbani

Swali: Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi. Nimetayarisha mazoezi ya kusikiliza kwa PowerPoint. Kila slaidi ina picha na alama ya spika. Mwanafunzi akiibonyeza anasikia mtu akisimulia. Nyumbani kila kitu kinafanya kazi. Nilipohamishia kwenye flashi na kufungua kwenye kompyuta ya shule, picha zilikuwepo, alama za spika zilikuwepo, sauti hakuna. Nikarudi nikanakili na folda ya sauti, bado kimya. Spika za shule ni nzima, maana nyimbo zinasikika. Nifanyeje bila kuanza upya?

Jibu: Mwalimu, pole, na hongera kwa kazi hiyo. Watoto wanaosikia sauti za wasimulizi mbalimbali wanapata kitu ambacho kitabu peke yake hakiwezi kuwapa, kwa hiyo inafaa tuhangaike mpaka zoezi lako lifike darasani likiwa kamili. Huhitaji kuanza upya.

Kwanza angalia ukubwa wa faili la slaidi. Sauti ya MP3 ya kawaida, ya kilobiti 128 kwa sekunde, huchukua karibu megabaiti 1 kwa kila dakika. Kama masimulizi yako yote ni dakika 20 na faili la slaidi lina megabaiti 2 tu, basi sauti hazimo ndani yake. Kilichomo ni anwani, yaani maandishi yanayoielekeza PowerPoint ikachukue sauti mahali fulani, kwa mfano C:\Users\Mwalimu\Music\hadithi1.mp3. Kompyuta ya shule haina mahali hapo. Ndiyo maana kunakili folda ya sauti hakukutosha: sauti zilifika, lakini anwani iliyomo kwenye slaidi ilibaki ile ya nyumbani kwako.

Imetokeaje, na wewe hukuomba hivyo? PowerPoint ya 2007 na zilizotangulia ziliweza kupachika ndani sauti za WAV peke yake, yaani mafaili ya sauti yasiyobanwa. MP3 iliunganishwa kwa anwani, upende usipende. Hata hizo WAV, bila kubadilisha mipangilio, zilipachikwa zile tu zisizozidi kilobaiti 100, na kwa WAV ya ubora wa CD hiyo haifiki hata sekunde moja. Kuanzia toleo la 2010, sauti hupachikwa ndani yenyewe, isipokuwa kama wakati wa kuiingiza ulichagua “Link to File”, au kama unaendelea kutumia faili la zamani lenye mkia wa .ppt. Hili la pili huwapata sana walimu, kwa sababu faili la mwaka juzi hufutwa maandishi, likajazwa somo jipya na kuendelea kutumika na mkia wake ule ule.

Sasa tengeneza. Kazi hii ifanyie nyumbani, kwenye kompyuta ambayo sauti bado zinasikika, kwa sababu PowerPoint haiwezi kupachika sauti isiyoiona. Kama faili lako ni .ppt, ingia “File”, kisha “Info”, ubonyeze “Convert” ili liwe .pptx, halafu lihifadhi. Rudi hapo hapo kwenye “Info”. Upande wa kulia, chini, utaona “Edit Links to Files”. Ikiwa haipo, tazama “View Links” karibu na sehemu ya “Optimize Compatibility”. Itafunguka orodha ya sauti zote zilizounganishwa pamoja na anwani zake. Chagua moja moja, ubonyeze “Break Link”. Usiogope kitufe hicho: kwa sauti na video, kukibonyeza ndiko kunakoziingiza ndani ya faili. Ukimaliza, hifadhi kwa jina jipya na utazame ukubwa tena. Ukiona megabaiti 2 zimekuwa 20 na kitu, sauti zimeingia, na kuanzia hapo unabeba faili moja tu.

Kabla ya kufurahi, ulizia toleo la PowerPoint lililoko shuleni. Kama ni la 2007, usitegemee kwamba litapiga MP3 zilizopachikwa na toleo jipya. Hapo rudi kwenye faili la mwanzo, lile ambalo hukulibonyezea “Break Link”, kwa sababu inabidi sauti ziendelee kuunganishwa, ila kwa mpangilio mzuri. Njia nyepesi ni kuiachia PowerPoint yenyewe: “File”, “Export”, “Package Presentation for CD”, kisha “Copy to Folder”. Jina linataja CD lakini huhitaji CD yoyote. Itakuuliza kama unataka mafaili yaliyounganishwa yaingizwe, kubali. Itakusanya slaidi na sauti katika folda moja na kurekebisha anwani. Beba folda nzima, usitoe kitu ndani yake.

Ukitengeneza somo lingine kwa ajili ya kompyuta hiyo ya zamani, zingatia mfuatano: tengeneza folda kwanza, weka sauti humo, hifadhi faili la slaidi humo humo, ndipo uanze kuingiza sauti kwenye slaidi. Sauti ikiwa jirani na slaidi tangu mwanzo, anwani inayoandikwa huwa ni jina la faili tu, na jina hilo halijali kama flashi imesomeka kuwa E au F. Majina yenyewe yawe mafupi. Ukishaingiza sauti, usiibadilishe jina tena.

Kuna mambo ambayo watu huyadhania kuwa ni tiba na siyo. Kuhifadhi kama .ppsx hakuingizi sauti. Kunafanya tu slaidi zifunguke moja kwa moja kwenye onyesho. Kubana folda kuwa ZIP ni sawa kwa kusafirisha, kwa mfano kwa WhatsApp, lakini anayepokea lazima aifungue na kutoa vyote nje kwanza. Akibonyeza slaidi mara mbili ndani ya ZIP, Windows hutoa faili hilo moja tu na kuliweka pembeni, na sauti zilizounganishwa hazitaonekana.

Aina ya sauti nayo ina uzito wake. Kama wasimulizi wako walikutumia ujumbe wa sauti wa WhatsApp, hizo ni .opus au .ogg, na PowerPoint haizitambui kama inavyoitambua MP3. Zibadilishe kwanza kwa VLC, programu ya bure: “Media”, “Convert / Save”, ongeza faili, kisha chagua MP3. Rekodi za simu zenye mkia wa .m4a zinakubalika kuanzia PowerPoint 2013. Kwa matoleo ya nyuma, zigeuze kuwa MP3 pia.

Nakushauri usisafirishe video badala ya slaidi, ingawa “Create a Video” ipo na hutoa MP4 inayocheza karibu popote. Video hujiendesha yenyewe. Zoezi lako linahitaji mtoto abonyeze, asikie, arudie kusikia, na hilo litapotea.

Mwisho, jaribu hapo hapo nyumbani. Badilisha jina la folda ya zamani ya sauti, mfano kutoka Music\Hadithi kuwa Music\HadithiX, ili anwani za zamani zisielekee popote. Kisha fungua nakala iliyo kwenye flashi na ubonyeze kila spika, slaidi ya kwanza hadi ya mwisho. Itakayonyamaza ndiyo ambayo bado ilikuwa inategemea folda ya nyumbani. Rudisha jina la folda, pachika sauti hiyo, na ujaribu tena kabla ya kwenda shuleni.