Kabla hujalikariri jina la ugonjwa, lipasue

Wadogo zangu mnaoanza uuguzi na utabibu huniuliza swali lilelile kila muhula: majina haya mliyashikaje? Jibu langu ni kwamba sikuyakariri. Mengi ni Kigiriki kitupu kilichopitia kwa Waingereza, na ukikijua kidogo tu, unayafungua.

Anza na mikia. "-itis" ni uvimbe wenye joto na maumivu, "-algia" ni maumivu, "-ektomi" ni kukata na kutoa. Kisha tafuta vichwa: hepar ni ini, nephros ni figo, arthron ni kiungo. Daftari langu la mfukoni lilikuwa na safu mbili, nami nilikuwa nikiunganisha kichwa na mkia nikiwa kwenye daladala.

Ila mbinu hii ina mipaka, na neno lililonionyesha ni sirosisi, ugonjwa wa ini kujaa makovu. Nilitarajia ndani yake nikute kovu, au angalau ugumu. Wapi! Kirrhos ni rangi tu, manjano inayoelekea kahawia. Aliyelitunga ni daktari Mfaransa, René Laennec, katika kitabu chake cha 1819, baada ya kuona vinundu vya rangi hiyo kwenye maini ya maiti. Makovu, ambayo ndiyo ugonjwa wenyewe, hayamo kwenye jina. Ukijibu mtihani kwa kufuata asili ya neno peke yake, umekwisha.

Huyohuyo Laennec ndiye aliyetupa stethoskopu. Mwaka 1816, huko Paris, alipata mgonjwa wa kike, kijana na mnene, akaona haya kumlalia kifuani kwa sikio kama ilivyokuwa desturi. Akakunja karatasi ikawa bomba, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni, na mapigo ya moyo yakasikika vizuri kuliko kwa sikio tupu. Baadaye akawa anachonga za mbao mwenyewe. Jina akalitoa kwenye stethos, kifua, na skopein, kutazama. Kifaa cha kusikilizia kimeitwa kitazamio! Lakini skopein ilibeba pia maana ya kuchunguza, na hapo ndipo jina linapokaa sawa.

Na mchunge Kilatini, maana huvamia bila hodi. "Ped" ya pediatria ni Kigiriki, pais, mtoto; ile ya pedikyua ni Kilatini, mguu. Mkiikuta mahali, ulizeni kwanza imetoka upande gani.