Umeme wa huku haukatiki? Ngoja nikujibu

Mdogo wangu, umeniuliza mawili kwa mpigo. Kwanza, ni kweli Kanada umeme haukatiki? Pili, ile habari niliyoisema nyumbani Pasua, kwamba huku barafu iliyoganda kwenye nyaya huyeyushwa kwa umeme wenyewe, ilikuwa chai? Najua wenzako wa VETA wamekucheka, basi wasomee na wao.

Nianze na la pili, maana ni kweli tupu.

Usifikirie theluji ya Kibo mnayoiona asubuhi mawingu yakifunguka. Theluji kavu hupeperuka kwenye waya, haina neno. Adui ni mvua. Juu hewa ina uvuguvugu, chini karibu na ardhi iko chini ya sifuri, kwa hiyo tone linashuka likiwa maji na linaganda papo hapo likigusa kitu. Mvua hiyo ikiendelea, waya unavimba. Piga hesabu, mwanafunzi ni wewe: waya wenye unene wa sentimita 3.5 ukivikwa barafu ya sentimita 5 kuuzunguka, kila mita inabeba kilo kama 12 za ziada. Na kutoka mnara hadi mnara ni mita mia kadhaa. Hizo ni tani, kwa waya mmoja tu.

Januari 1998 hayo yalilikuta jimbo la Quebec, huku niliko. Minara ya chuma ipatayo elfu moja ilipinda ikalala chini, nguzo za mbao ndiyo usiseme. Wateja kama milioni 1.4 waliingia gizani, wengine kwa mwezi mzima, tena katikati ya baridi kali. Jeshi likaitwa. Mimi sikuwepo, ila wazee ninaowahudumia kazini, ukitaka wachangamke, wewe utaje tu mwaka huo.

Baadaye Hydro-Québec, shirika la umeme la hapa, wakajenga mtambo wa kuyeyusha barafu kwenye kituo cha umeme cha Lévis, ng'ambo ya mto kutoka jiji la Québec. Laini yenye barafu inaondolewa kazini, wateja wake wanalishwa kwa njia nyingine. Kule mwisho nyaya zinaunganishwa, yaani wanapiga shoti ya makusudi (hapo mwalimu wako atashika kichwa). Halafu huku mwanzoni wanasukuma mkondo wa hadi ampia 7,200, kwa volti ndogo sana ukilinganisha na kilovolti 735 ambazo laini kubwa za hapa hubeba siku zote. Waya unapata joto kama hita ya kuchemshia maji ya kuoga, barafu inayeyuka kwa ndani, ganda linaporomoka lenyewe. Joto ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Si lipo kwenye daftari lako?

Mkondo wenyewe ni DC (unaokwenda upande mmoja tu), si AC (unaogeuka-geuka mwelekeo). Kwenye laini ndefu na nene kama zile, AC inakumbana na riaktansi, yaani kizuizi kinachotokana na kule kugeuka-geuka kwake, ambayo ni kubwa kuliko ukinzani wa waya kwa mbali, na kupata ampia za kutosha kungetaka nguvu ya kutisha. DC ikishatulia inakutana na ukinzani tu. Hata hivyo mtambo unaweza kula megawati 250. Kituo chote cha umeme cha Kidatu ni 204! Siku zisizo na barafu haukai bure, unatumika kutuliza volteji.

Sasa la kwanza. Unakatika, bwana. Aprili 2023 mvua ya aina hiyo ilipiga Montreal, wateja zaidi ya milioni moja wakakosa umeme, na mimi nikiwemo. Safari hiyo wakosaji walikuwa miti. Matawi yalilemewa na barafu yakaangukia nyaya za mitaani, na nyaya za mitaani hakuna anayeziyeyushia. Mtambo wa Lévis ni wa laini kubwa.

Na ukikatika huku, shughuli yake si ya Pasua. Hapo nyumbani mama anawasha jiko la mkaa, mnapika, mnakaa nje mnapiga soga. Mimi jiko ni la umeme, maji ya moto ni ya umeme, na kinachonizuia nisigande ndani ya nyumba ni umeme pia. Nyumba nyingi za Quebec ziko hivyo. Mkaa ndani huthubutu, madirisha yamezibwa dhidi ya baridi na ile hewa ya sumu inaua mtu akiwa usingizini. Nililala kazini, kwa sababu wazee wana jenereta. Hiyo picha niliyowatumia nikiwa na makoti mawili, mkasema nimependeza, ilikuwa ndani, sebuleni kwangu.

Kwa hiyo kile kiwanja usikiuze ili uje huku kwa sababu ya umeme. Ukitaka kuja kwa ajili ya kazi ya laini, hapo tuongee, maana mafundi wa nyaya wanalipwa vizuri. Ila cheti chako hakitakupandisha mnarani moja kwa moja. Utasoma na kufanya mitihani ya hapa, na kwa Quebec utahitaji Kifaransa. Alliance Française ipo hapo Arusha. Kaulizie ada, uniambie.