Mlipeni fundi anayefundisha

Ndugu Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: kijana aliyemaliza kidato cha nne na hakuchaguliwa kwenda kidato cha tano, serikali imfanyie nini? Najua wengi watasema ajengewe chuo. Mimi nasema vyuo vinajengwa tayari. Shilingi inayofuata mpelekeeni fundi anayemfundisha kijana huyo mtaani.

Nina karakana ya kuchomelea vyuma hapa Uyole, Mbeya, karibu na njia panda ya Tukuyu na Iringa. Tunatengeneza mageti, madirisha na tela za pawatila zinazokwenda kwa wakulima wa mpunga wa Mbarali. Mara mojamoja anakuja mtu wa Chunya na karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu limepasuka, na huyo kazi yake haisubiri kesho.

Sina ugomvi na vyuo. VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na Mbeya na Iringa zina vyuo vyake. Miaka ya karibuni serikali imeanza kujenga vingine zaidi ya 60 wilayani, na kimoja cha mkoa kule Songwe. Kabla ya hapo tulikuwa na vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975: Nzovwe hapa jijini, Katumba kule Rungwe, Ilula upande wa Iringa, Ulembwe kwa Wanjombe. Hata ada si kikwazo kikubwa kama watu wanavyodhani. Kwa miaka mingi kozi ndefu za VETA zimetozwa Sh60,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh120,000 kwa wa bweni. Mzazi anaumia zaidi kwenye ovaroli, buti, godoro na nauli.

Shida naiona vijana wa vyuo hivyo wanapokuja kwangu kufanya field. Kijana anaujua mchoro, anapiga hesabu za vipimo bila kikokotoo, anajua kwa nini chuma kinapinda kikipata moto. Mpe sasa achomelee kiungo kilichosimama wima, au kilicho juu ya kichwa chake. Mkono unatetemeka, chuma kinadondoka. Mmoja aliniambia chuoni kwao (sitakitaja) vijiti vya kuchomelea vilikuwa vya kugawana, ukimaliza chako unakaa kuangalia wenzako. Sasa mkono utakomaa wapi?

Vijana niliowalea mwenyewe ni kinyume chake. Wanachomelea mshono ukaufurahia kwa macho, lakini ukiwapa mchoro wa mhandisi wanaugeuza juu chini wakitafuta mwanzo. Na hawana cheti. Mgodi au kiwanda kikitangaza kazi, hawaitwi hata kwenye usaili.

Kwa hiyo kijana mmoja anahitaji sehemu zote mbili, kwa wakati uleule: siku mbili chuoni, siku zilizobaki karakanani. Wajerumani wanasomesha mafundi wao hivyo siku nyingi, kijana akiwa na mkataba na mwajiri na akipata posho, na VETA yenyewe imewahi kuujaribu mfumo huo wa pacha ikishirikiana na watu wa Hamburg. Serikali nayo ina programu ya kukuza ujuzi, yenye mafunzo ya uanagenzi, yaani kujifunza kazi kwa kuifanya, tangu mwaka 2016. Tatizo ni kwamba pesa za mipango hii hulipa chuo. Karakana ya Uyole haimo kwenye hesabu.

Na kufundisha kuna gharama jamani. Mwanafunzi anateketeza vijiti, anamaliza diski za grenda, anakula umeme wa LUKU, na akikosea kukata bomba, hasara ni ya kwangu, si ya mteja. Zamani mzazi alikuja na gunia la viazi, "Fundi, nimekuletea kijana wako huyu," tukaelewana. Siku hizi wengi wanakuja mikono mitupu, nami siwalaumu. Matokeo yake fundi anamfanya kijana kuwa mfagiaji na mbeba vyuma ili walau arudishe gharama, na mwaka unaisha hajashika mashine.

Pesa ipo. Waajiri wenye wafanyakazi 10 na kuendelea wanakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo ilishushwa mwaka 2023 kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Kwa miaka mingi theluthi moja tu ndiyo iliyokwenda VETA, pesa iliyobaki ikaishia hazina na kusaidia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Sisemi mtoto wa chuo kikuu anyang'anywe. Nasema tozo yenye jina la ujuzi ina uwezo wa kumnunulia mwanagenzi wa Mwanjelwa vijiti vyake.

Tazameni mbao. Msitu wa Sao Hill, mkubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, uko Mufindi. Chuo cha viwanda vya misitu kiko Moshi. Mafinga kumekuwa na kituo cha mafunzo ya misitu na mbao, jambo zuri, lakini vijana wengi wanaopasua magogo kwenye mashine za ding dong kati ya Mafinga na Njombe wamefundishwa na mwenye mashine, palepale kwenye maranda. Wapo wanaojua kunoa msumeno kwa kuusikiliza tu. Wapo pia waliopoteza vidole kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafundisha usalama. Huyo mwenye mashine ni mwalimu tayari. Serikali imlipe, kisha imdai matokeo.

Najua mtakachoniuliza: si mafundi watachukua pesa na vijana waendelee kufagia? Watachukua, tena wengine ni ndugu zangu kabisa. Ndiyo maana malipo yaje kwa mafungu mawili. Dogo liwe la vifaa na bima mwanzoni, kubwa litoke kijana akifaulu mtihani wa VETA. Asipofaulu, fundi hapati. VETA tayari inawapima mafundi wa mtaani na kuwapa vyeti kwa ujuzi walioupata nje ya chuo. Kwa hiyo watu wa kupima wapo, waongezwe tu. Na fundi asiye na miwani ya kukingia macho wala kizimamoto asipewe kijana hata mmoja.

Mabinti nao wawekewe nafasi zao kwa jina. Ninaye mmoja, na baba yake bado anapita kila wiki kuhakikisha kwamba kweli anachomelea.

Haraka yangu inatokana na sera ya elimu ya 2014, toleo la 2023. Inaleta elimu ya lazima ya miaka 10, msingi ukiwa miaka sita. Kwa mpango uliotangazwa, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027 na kuingia kidato cha kwanza pamoja mwaka 2028. Hesabuni wenyewe: mwisho wa 2031 vidato viwili vya nne vitatoka kwa mpigo mmoja, wengine wakiwa na miaka 16 tu. Mkondo wa amali, ule wa sekondari unaofundisha ufundi, utawasaidia baadhi. Waliobaki hawataenea kwenye mabweni ya VETA, hata vyuo vyote vya wilaya vikikamilika. Watakuja Uyole, Mafiati, Makambako na Mafinga, kwetu. Serikali ianze na wilaya moja, isajili karakana zake mwakani, tuone wangapi wanafaulu.