Ucha Mungu Unaovuka Mwezi wa Ramadhani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Pongwe, hapa hapa Tanga, aliniletea ujumbe mrefu wenye swali fupi ndani yake: ni kipi kinachohitajika ili mtu aishi maisha aliyoyakabidhi kwa Mwenyezi Mungu, ikiwa kila Ramadhani yeye huwa mtu mwingine kabisa, na mwezi wa Shawali ukishaandama hurudi alikokuwa? Aliongeza kwamba amesikia nikitajwa sokoni kuwa ni mtu wa dini, maneno ambayo sitaficha kwamba yalinifurahisha, ingawa si wote wanaonitaja hivyo wanaonitaja kwa wema.

Naamini wengi wenu mnaosoma hapa mnatamani kile anachokitamani kijana huyu, kwa hiyo nitamjibu hadharani. Mji wetu umezoea kuitwa waja leo warudi leo, na imani ya wengi wetu nayo ni ya namna hiyo hiyo. Katika Ramadhani misikiti ya Ngamiani hufurika hadi mikeka ikatandikwa nje, na anayechelewa tarawehe hukosa pa kuweka kipaji chake. Idi ikipita, Alfajiri ya tatu au ya nne tu, safu iliyokuwa haina nafasi inabaki na wazee wale wale. Wengi hudhani kilichopungua ni mapenzi kwa Mola, nami sioni hivyo. Ndani ya Ramadhani mji mzima unakubeba: jirani anafunga, migahawa mingi imeshusha mapazia, saa ya kula imepangwa na adhana, na hata mke wako anakuamsha kwa daku. Mwezi ukiondoka, unaondoka na mpango wake, nawe unabaki na nia peke yake. Nia bila mpango haimudu hata wiki moja ya soko.

Sahaba Sufyan bin Abdillah alimwomba Mtume, rehema na amani zimshukie, ampe neno moja la Uislamu ambalo hatahitaji kumuuliza mtu mwingine baada yake, akaambiwa aseme amemwamini Mwenyezi Mungu, kisha awe na msimamo. Hadithi hii imo katika mkusanyo wa Imam Muslim, na masheikh wetu huisoma mara nyingi, lakini mara nyingi vilevile huishia kwenye nusu ya kwanza. Msimamo ndio kazi. Nami nitaeleza nilivyoujua, kwa kuwa sikuujulia msikitini.

Mimi ni mfanyabiashara wa viazi mviringo, kabichi na karoti, mizigo inayoshuka kutoka milima ya Lushoto kupitia Soni na Mombo hadi masoko ya hapa mjini. Kwa miaka mingi nilifanya biashara hiyo na mwenzangu mmoja ambaye sitamtaja, mtu tuliyesali naye safu moja na kufuturu naye sahani moja. Kila anayeijua biashara hii anaijua lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezewa juu kilemba cha viazi, kinazungushiwa majani ili visidondoke, na mpakiaji anakandamiza kwa goti huku akipitisha shazia na kamba ya katani huku na huku mpaka wavu usimame wenyewe. Mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sokoni mzigo ule ule unauzwa kwa kilo, na kile kilemba kinakuwa faida safi. Sheria ya Vipimo inakataza, gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wamelisema jambo hili mpaka wamechoka, lakini shambani mkulima yuko peke yake na lori linanguruma, naye anajua kwamba asipokubali, viazi vyake vitamwozea.

Siku moja tulikuwa tunapakia shamba la bibi mmoja wa Kisambaa juu ya Soni. Aliyekuwa akimimina madebe ni mjukuu wake, na yeye amekaa pembeni ameshika fimbo, anahesabu kimya kimya kwa midomo. Debe la sita lilipoingia gunia likawa limejaa kwa macho ya mtu yeyote mwenye haki. Likaja la saba. La nane lilipoanza kumiminwa aliniita, hakumwita mwenzangu, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, gunia hili halijai?" Sikuwa na jibu, na mwenzangu akacheka, akamwambia ndivyo magunia ya Tanga yalivyo.

Usiku ule tulifika mjini kabla ya Alfajiri, tukasali jamaa, na imamu akasoma Suratul Mutaffifin, ile inayoanza kwa kuwatangazia maangamizi wapunjao, ambao wakijipimia kutoka kwa watu hutaka kipimo kamili, na wakiwapimia watu hupunguza. Mtu anaweza kusema ni bahati tu kwamba imamu aliichagua sura hiyo. Mimi nilikuwa nimeihifadhi sura ile tangu chuo cha Qur'ani, nikiwa mtoto, na nimeisikia mara zisizohesabika nikiwa na vumbi la viazi kwenye kanzu yangu.

Nilinunua mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano, na safari iliyofuata nikamwambia mwenzangu kwamba kuanzia sasa tutanunua kwa kilo. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo kijana wangu wa Pongwe anapaswa kulijua mapema: atakayekupinga unapojitoa kwa Mungu si mlevi wa mtaani. Walevi wa mtaa wetu waliniheshimu. Aliyenipinga ni mtu wa safu yangu, mwenye alama ya sijida kwenye paji kubwa kuliko yangu. Aliniambia mbele ya vibarua kwamba mimi si mtume, kwamba najifanya walii ili yeye aonekane mwizi, na kwamba dini ni msikitini na sokoni ni sokoni. Neno hilo la mwisho liliniuma kuliko matusi, na nikiri kwamba bado linaniuma, kwa sababu lilitoka kwa mtu aliyekuwa akinisahihisha tajwidi, yaani usomaji sahihi wa Qur'ani.

Haikuchukua muda akaondoka, akaondoka na dereva, akaondoka na wateja wakubwa wa mikahawa, na sehemu ya fedha za mzigo ambazo tulikuwa tumeandikiana. Kipindi kilichofuata sitakieleza kwa urefu. Mke wangu alikaanga vitumbua, watoto walikwenda shule kwa miguu, na mimi nilijua bei ya kila kitu. Palikuwa na watu wa mikopo ile inayoitwa kausha damu waliokuwa tayari kunipa mtaji siku hiyo hiyo, na baadhi ya ndugu zangu waliniambia dharura huhalalisha. Sikuchukua. Riba haikugeuka kuwa halali kwa sababu mimi nina njaa ya mtaji, na mwenye njaa ya chakula hakuwa mimi, maana vitumbua vilikuwepo.

Leo hii wakulima wa upande ule hunipigia simu mimi kwanza. Wakati wa masika, barabara inapoteleza na viazi vinapoadimika sokoni, mzigo wangu huwa umeshawekwa, kwa kuwa kule juu kila nyumba inajua kwamba mizani yangu haina kilemba. Ninalisema hili kwa fahari na simwombi mtu radhi. Hata hivyo nisidanganye kama wanavyodanganya baadhi ya wahubiri wanaoahidi kwamba ukimcha Mungu utatajirika. Wanaotumia lumbesa bado wanapata faida kubwa kuliko mimi kwa kila lori. Suratut Talaq inasema anayemcha Mwenyezi Mungu atafanyiwa njia ya kutokea na ataruzukiwa kwa namna asiyoitazamia, na sijaona mahali iliposema kwamba riziki hiyo itahesabiwa kwa shilingi na itazidi ya jirani. Anayeingia kwenye ucha Mungu kwa hesabu ya faida atatoka kwa hesabu hiyo hiyo.

Sasa niseme yale ninayoyashika, ambayo ni machache, na yote yanarudi kwenye lile la kupanga mapema.

Panga swala kabla hujapanga kazi. Lori langu hufika usiku, na zamani vibarua walianza kushusha muda ule ule muadhini anapoita. Nilikubaliana nao kabla ya safari, si wakati mgongo umeshabeba gunia, kwamba kazi inaanza baada ya Alfajiri na malipo hayapungui kwa sababu hiyo. Adhuhuri ndiyo swala ngumu kuliko zote kwa mtu wa soko, kwani ndiyo saa ya wateja. Nafunika meza kwa turubai, na jirani yangu, ambaye ni Mkristo wa huko huko Lushoto, ananiangalizia bila kugusa bei. Jumapili asubuhi akiwa kanisani, namwangalizia yeye nyanya zake. Wateja wamezoea, na asiyeweza kusubiri anakwenda meza nyingine, naye simlaumu.

Chukua kidogo usichokiacha. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, amepokea kutoka kwa Mtume kwamba amali zinazopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu hata zikiwa chache, na hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim wote wawili. Mimi husoma ukurasa mmoja wa Qur'ani baada ya Alfajiri. Nawajua vijana walioanza kwa juzuu zima kila siku, na nawajua walivyoishia. Ukitaka kujua kama ucha Mungu wako ni wa kweli, usiutazame mwezi wa Ramadhani, utazame Jumanne ya mwezi wa Safar, mvua inanyesha, deni limekukabili na hakuna anayekuona.

Uwe na watu. Kati ya Magharibi na Isha kuna darsa katika misikiti mingi ya mji huu, na hata ukikaa nyuma kabisa ukasinzia, utakuwa umesinzia mahali pazuri kuliko kijiwe cha bao. Sikusema bao ni haramu. Nasema utakuwa kama wale unaokaa nao, na hili hata wasio na dini wanalijua.

Na fedha, ndugu zangu, fedha. Hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya, kwa sababu swala inaonekana na daftari halionekani. Kila Muharram ninahesabu mzigo wote uliopo kwa bei ya soko ya siku hiyo, naongeza fedha taslimu, na ikiwa jumla imefikia thamani ya gramu 85 za dhahabu, natoa zaka ya asilimia 2.5 kamili, bila kukadiria kwa macho na bila kungoja Ramadhani ili nionekane nikigawa. Mfanyabiashara anayegawa tende na sukari kwa kelele mwezi mtukufu huku hajui zaka ya ghala lake ni kiasi gani anawapunja mafukara, na sura ile niliyoitaja inamhusu vilevile. Tuamke! Tumekuwa umma unaojua rangi ya kanzu ya Idi kuliko unavyojua haki iliyomo ndani ya mali zake.

Tena andikeni madeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, haielezi moto wala pepo, inaeleza namna ya kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Shahidi aliyekufa katika njia ya Mwenyezi Mungu husamehewa kila kitu isipokuwa deni, na sisi tunakopa dukani kwa tabasamu na kubadilisha njia ya kupita. Mtume alisema haimfalii Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa kwake. Waulizeni wake zenu leo kama wanajua mnadai nini na mnadaiwa nini.

Wasia wangu mimi umo kwenye sanduku la mke wangu, na nakala iko kwa kaka yangu. Jina la mwenzangu yule limo ndani yake, pamoja na kiasi anachodaiwa na majina ya mashahidi wawili. Aya ya 280 ya sura ile ile inaagiza kwamba mdaiwa akiwa na dhiki asubiriwe hadi apate wasaa, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Mpaka sasa nimeitekeleza sehemu ya kwanza. Mwezi uliopita alimtuma mwanawe alete kiasi kidogo, nikakipunguza kwenye daftari na kumwandikia kijana stakabadhi, na kilichobaki nimewaelekeza warithi wangu wasikidai mpaka hali yake iwe nzuri.